Mpango wa Serikali kwa wasio na kazi, Lubumbashi: mafunzo mazuri, fedha zilizochelewa

Nilipopoteza kazi ya kuchomelea vyuma katika kampuni ndogo iliyokuwa ikihudumia migodi, sikuwa na pa kukimbilia, kwa sababu hapa Kongo CNSS, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, hulipa pensheni, posho za familia na fidia ya ajali za kazini, lakini haina fungu la mtu aliyeachishwa kazi. Niliposikia kwamba upo mpango wa Serikali unaowafundisha wasio na kazi na kuwapa ruzuku ya kuanzisha shughuli zao, nilijiandikisha siku ileile. Sasa nimeumaliza, na ninawaandikia wenzangu wa Katuba, Kenya na Ruashi, wilaya za mji wetu wa Lubumbashi, wanaouliza kama una faida.

Mafunzo yana faida, tena kubwa. Nilikuwa nikitengeneza mbabula, yaani majiko ya makaa, nyumbani nikiamini kwamba napata kitu, hadi mwalimu aliponiita ubaoni niandike gharama ya mbabula moja: kipande cha bati, vijiti vya kuchomelea, mafuta ya jenereta umeme unapokatika, na nauli ya mkokoteni hadi soko la Kenya. Nilijumlisha, nikaona imebaki faida ndogo. Akaniuliza, “Na mikono yako, papa, nani anailipa?” Nilipoandika siku yangu ya kazi, ile faida ikafutika yote. Tangu hapo nina daftari, na bei yangu inatoka humo, si kwa kuchungulia jirani anauza ngapi.

Upande wa karatasi haukunisumbua, kwani Guichet Unique, ofisi ya Serikali ya kuandikisha biashara, hushughulikia RCCM (daftari la biashara), kitambulisho cha taifa cha biashara na namba ya kodi mahali pamoja. Mwenye shughuli ndogo kabisa aulize kwanza kuhusu hadhi ya “entreprenant”: Kongo imo katika OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, tangu 2012, na sheria zake zinamruhusu mtu wa namna hiyo kuitangaza shughuli yake bila malipo. Kilichoniuma ni fomu ya mpango wa biashara, iliyokuwa kwa Kifaransa pekee. Mama mmoja muuza samaki wakavu, aliyetushinda wote kwa hesabu za kichwa, alilazimika kumlipa kijana amwandikie, ingawa Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa.

Ruzuku ndiyo iliyoniangusha. Awamu ya kwanza ilitosha kununua mashine ya kuchomelea. Ya pili, ya kununulia bati, tuliahidiwa mwezi wa tano, na mimi nilikuwa nimepanga kila kitu kwa tarehe hiyo, maana mbabula huuzwa hasa mwezi wa sita na wa saba, baridi inapouma na kila nyumba inataka moto usiku. Nilikwenda ofisini mara sita, nikaambiwa kila mara kwamba faili inasubiri sahihi. Fedha zilifika mwishoni mwa mwezi wa nane, joto likiwa limekwisha kurudi, na kwa miezi hiyo yote niliishi kwa zamu yangu ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana.

Bati hilo sasa nalikata kwa ajili ya milango, na mbabula zitangoja mwakani. Hata hivyo ningejiandikisha tena kwa ajili ya yale mafunzo, ila safari hii ningeomba tarehe ya awamu ya pili iandikwe ndani ya mkataba kabla sijaweka sahihi.