Mkebe wa Hesabu wa Shilingi 3,500 na Daftari la Grafu: Tathmini Baada ya Muhula Mmoja

Mwezi Januari, shule zilipokaribia kufunguliwa, nilimnunulia mpwa wangu aliyekuwa akianza kidato cha kwanza mkebe wa hesabu kwa shilingi 3,500 na daftari la grafu kwa shilingi 2,500, vyote katika duka moja la vifaa vya shule pale Kariakoo. Niliununua mkebe jinsi wanunuzi wengi wanavyofanya siku hizo za msongamano, yaani kwa kutazama mfuniko, kuutikisa kidogo ili kusikia kama umejaa, na kulipa. Sasa darasa lake limefika kwenye kuchora grafu za milinganyo ya mstari, na vifaa hivyo vimefanya kazi ya kutosha hata nikaweza kuvisemea. Bikari na zile pembetatu za plastiki nitaziacha, kwa kuwa mstari ulionyooka hauzihitaji.

Daftari ndilo lililonifurahisha. Kurasa zake zina miraba midogo ya milimita 2, na kila mstari wa tano umekolezwa ili kuonyesha sentimita 1. Nilihesabu miraba 10 mikubwa, nikaipima, nikapata sentimita 10 kamili, kwa urefu na kwa upana. Hili si jambo la kulichukulia kirahisi, kwa sababu kabla ya hapo kijana alikuwa akitumia karatasi za grafu zilizotolewa kopi, na mashine ya kopi ilikuwa imezipunguza kidogo, kiasi kwamba sentimita 10 za kwenye karatasi zilikuwa sentimita 9.7 za kwenye rula. Karatasi kama hiyo bado inafaa iwapo mchoraji anahesabu miraba, kwani miraba yote imepungua pamoja na mstari utabaki kuwa mstari. Tatizo linakuja pale anapoweka rula juu ya mhimili na kupima, halafu nukta inayofuata akaiweka kwa kuhesabu miraba. Afikapo kwenye 10 atakuwa amepotea kwa milimita 3, yaani mraba mdogo mmoja na nusu. Tangu siku hiyo tumekubaliana kwamba rula ni ya kuunganisha nukta tu, na nukta zenyewe huwekwa kwa kuhesabu.

Rula ya mkebe huu, hata hivyo, haifai hata kwa kazi hiyo moja iliyobakia.

Mlinganyo wa kwanza tuliouchora ulikuwa y = 2x + 1. Kijana aliandaa jedwali kama alivyofundishwa: x ikiwa -3, y ni -5, x ikiwa 0, y ni 1, x ikiwa 3, y ni 7. Nukta mbili zingetosha kuchora mstari, lakini nukta ya tatu huwekwa iwe shahidi, kwa kuwa ikiwa hesabu imekosewa mahali popote, nukta tatu hazitakubali kupangika. Aliweka nukta zake kwa uangalifu, sentimita 1 kwa kila kizio katika mihimili yote miwili, akaunganisha ile ya chini kabisa na ile ya juu kabisa, umbali wa zaidi kidogo ya sentimita 13. Nukta ya katikati ikabaki nje ya mstari kwa karibu milimita moja.

“Mjomba, hii nukta imekataa,” akaniambia, na kabla sijainuka alikwishaifuta.

Aliyoifuta ni ile ambayo ni vigumu zaidi kuikosea, kwa kuwa mara mbili ya sifuri ni sifuri, ukiongeza moja unapata moja, na ni hapo hapo mstari unapoukata mhimili wima. Alirudia hesabu mara mbili, akapata jibu lilelile, akaanza kuzishuku nukta nyingine. Nikaichukua rula, nikachora mstari kati ya zile nukta mbili za mwisho, kisha nikaipindua rula na kuilaza upande wa pili wa nukta hizo hizo, nikichora kwa ukingo uleule. Rula iliyonyooka ingepita juu ya mstari wa kwanza. Hii ilitoa mistari miwili iliyokutana kwenye ncha na kuachana katikati kwa milimita 2, umbo jembamba kama jani la mchaichai. Kijana alikuwa amefanya kila kitu sawasawa. Aliyekosea ni aliyeitengeneza rula, na mtoto ndiye aliyejiona mjinga kwa nusu saa nzima. Hilo ndilo lalamiko langu kubwa, na kwangu ni zito kuliko bei. Rula iliyovunjika humwambia mtoto ukweli, lakini rula iliyopinda humfanya aache kuiamini hesabu yake sahihi.

Zoezi la pili nililitunga mwenyewe, kwa kuwa nilitaka mstari wenye maana. Pale mtaani kwetu kutoa kopi ni shilingi 100 kwa ukurasa, na kubana kitabu ni shilingi 2,000, iwe kurasa ni chache au nyingi. Gharama basi ni y = 100x + 2,000, ambapo x ni idadi ya kurasa. Kurasa 10 ni shilingi 3,000, kurasa 30 ni 5,000, na kurasa 50 ni 7,000. Hapa kazi ngumu si kuunganisha nukta bali kuchagua skeli, na hapa ndipo daftari lilipoonyesha thamani yake. Tulichagua sentimita 1 iwe kurasa 5 kwenye mhimili mlalo, na sentimita 1 iwe shilingi 500 kwenye mhimili wima. Kwa miraba ya milimita 2, kila mraba mdogo kwenda kulia ukawa ukurasa mmoja na kila mraba mdogo kwenda juu ukawa shilingi 100, hivyo mstari ukapanda mraba mmoja kwa kila mraba mmoja, ukianzia kwenye 2,000. Daftari lenye miraba ya milimita 5, ambalo pia linauzwa na ni rahisi zaidi, lisingetupa usomaji huo.

Kipimapembe cha mkebe nacho kilipata nafasi ya kuleta mtafaruku. Kijana alipima pembe ya mstari, akapata nyuzi 45, akahitimisha kwamba mteremko ni 1. Kipimo kilikuwa sahihi na hitimisho lilikuwa batili, kwa sababu mteremko hausomwi kwa pembe inayoonekana kwenye karatasi isipokuwa skeli za mihimili yote miwili ziwe sawa. Husomwa kwa kugawanya badiliko la y kwa badiliko la x kwa vizio vyake: shilingi 5,000 kugawanya kwa kurasa 50, jibu 100. Kipimapembe, kwa haki yake, hakina kosa, na alama zake zinasomeka vizuri kuliko nilivyotarajia.

Vilivyobaki havina mengi. Penseli ni ngumu na inatoa mstari mwembamba, jambo jema kwa grafu. Raba inachafua karatasi na kuondoa rangi ya kijani ya miraba, kwa hiyo nunua nyingine. Kichongeo kilidumu wiki tatu.

Wapo watakaouliza kwa nini nijisumbue na plastiki wakati simu inachora grafu bure. Nimeitumia programu ya GeoGebra, iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter mwaka 2001 akiwa Chuo Kikuu cha Salzburg huko Austria, na ninaipendekeza kwa kukagua kazi iliyokwisha kuchorwa kwa mkono. Mtumiaji ajue tu kwamba akiandika y = 100x + 2000, mstari hautaonekana kwenye skrini inayoanza na namba ndogo karibu na sifuri; itambidi aipanue mihimili, na hapo atakuwa amerudi kwenye somo lilelile la skeli. Ila simu haiingii kwenye chumba cha mtihani, na mtoto aliyezoea kuona mstari ukitokea wenyewe hatajifunza kuandaa jedwali wala kumtafuta shahidi wa tatu.

Nilirudi dukani na rula yangu. Muuzaji aliitazama kwa jicho moja kama fundi seremala anayekagua ubao, akakiri kuwa imepinda, lakini akanieleza kwa upole kwamba, “Kaka, mkebe hauvunjwi, ukiuchukua umechukua na vya ndani yake.” Sikuridhika, ingawa aliniuzia rula ya chuma ya sentimita 30 kwa shilingi 1,500, na hiyo niliipindua palepale kauntani kabla ya kulipa. Mistari miwili ikawa mmoja. Kwa jumla ya shilingi 4,000, yaani daftari hilo na rula ya chuma, pamoja na penseli yoyote ngumu, mzazi anapata vyote vinavyohitajika kwa mada hii. Mkebe unaweza kusubiri hadi darasa lifike kwenye duara.

Wiki iliyopita tulikuwa na kurasa 37 za kutoa kopi na kubana. Kijana alifungua daftari, akapanda kutoka 37 hadi kwenye mstari, akageuka kushoto, akasoma 5,700. Tulilipa 6,000 kwa kuwa mwenye mashine hakuwa na chenji. Tuliporudi nyumbani aliweka nukta hiyo kwenye grafu, miraba midogo mitatu juu ya mstari, na pembeni yake akaandika kwa penseli: “mia tatu yetu”.