Nyumba za kizamani Nairobi: ya kununua ni gani na ya kukimbia ni gani

Kila nikipita Parklands nikiona bangalo moja imebaki katikati ya maghorofa najua mwenyewe anapigiwa simu na mabroka kila wiki, na hao mabroka hata hawaulizi ina vyumba vingapi, wanauliza ploti ni ukubwa gani. Hiyo ndio ujue kabla hujaanza kuota veranda na sakafu ya mbao. Hapa Nairobi nyumba ya zamani inauzwa bei ya ardhi, nyumba yenyewe unapewa kama nyongeza ya mama mboga, alafu hiyo nyongeza ndio inakuja kukumaliza pesa baadaye.

Nimezunguka nikitafuta yangu karibu miaka miwili, kwa hivyo nazipanga vile mimi nimeziona. Kama mfuko wako ni mrefu kuliko wangu, pangua.

Namba moja: bangalo za mawe za miaka ya 50 na 60, zile zimebaki Loresho, Spring Valley na Lavington. Kuta ni mawe ya kuchonga, paa ni vigae vya udongo, milango mbao ya ukweli, na kila kitu kimejengwa kwa njia ambayo fundi wa kawaida anaielewa. Kigae kikipasuka unatafuta mwenzake kwa wale wanauza vitu vya nyumba zilizobomolewa. Lakini usidanganywe na vigae, angalia mbao zinazovibeba. Kuna moja nilienda kuona, rangi imepakwa juzi bado inanuka, broka anaimba paa imara paa imara. Fundi wangu akaomba ngazi, akapanda darini na tochi ya simu, akanyamaza kitambo hivi, alafu akaniita, "Boss, kuja uone." Alikuwa ameshika bisibisi, akaidunga kwa boriti ikazama mpaka kwa mpini, ni kama ameidunga kwa ugali. Mchwa walikuwa wamekula ndani wakaacha ganda la nje likae zuri. Tangu siku hiyo siangalii nyumba bila ngazi, na broka akisema darini hakuingiliki najua ameshaingia.

Ukiwa huko juu cheki pia waya. Zile za zamani zimevikwa raba, na hiyo raba ikizeeka inakauka inabomoka ukiigusa. Hesabu kuweka waya mpya nyumba nzima, usiambiwe ni kubadilisha soketi.

Namba mbili ni nyumba za Wahindi za Ngara, Pangani na Parklands. Mimi kiroho ningeziweka za kwanza, veranda mbele, ua nyuma, kuta nene ndani kunakaa baridi hata Januari, na mfereji wa maji taka uko, huhitaji kuchimba shimo. Shida ni wenye nyumba. Mzee alishafariki, watoto ni watano, mmoja yuko Leicester, mwingine Toronto, wa tatu ndio anakuonyesha nyumba na anaongea kama ni yake peke yake. Hapo huongei bei kwanza, unaomba karatasi ya mirathi iliyothibitishwa na korti. Barua ya chifu haihamishi ardhi. Wa ng'ambo wakisema wamempa ndugu yao nguvu ya kusaini, wakili wako ahakikishe hiyo nguvu imesajiliwa. Na kama muuzaji ameoa ama ameolewa, ridhaa ya mwenzake iwe kwa maandishi.

Namba tatu, najua nitatukanwa, ni yale majumba ya Karen na Muthaiga. Nyumba ya Karen Blixen ilijengwa 1912 na bado inapendeza, lakini hiyo ni makumbusho, fundi halipwi na wewe. Yako itakuwa na shimo la choo la enzi hizo ambalo hakuna mtu anakumbuka liko wapi, kisima kinachotaka pampu, na paa kubwa ya vigae vya mbao. Na kama jengo limetangazwa kwa gazeti la serikali kuwa la kulindwa, sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 haikuruhusu kubomoa wala kubadilisha bila kibali. Uliza hiyo mapema, sio ukiwa umeshaleta mafundi.

Huku kwa majumba makubwa ndio kuna mtego wa lisi, yaani ardhi umepewa kwa miaka fulani tu. Utaambiwa ni ya miaka 999 basi unaona ni kama milele. Katiba ya 2010 ilisema mtu asiye raia hawezi kushika ardhi zaidi ya lisi ya miaka 99, na zile ndefu walizokuwa nazo zikakatwa zikawa 99. Kampuni nayo inahesabiwa raia tu kama ni ya raia asilimia 100. So muuzaji akiwa mgeni ama kampuni yenye mgeni ndani, unauziwa kile kimebaki, sio kile kimeandikwa kwa hati ya babu yake. Benki ikikukopesha itauliza hiyo miaka kabla haijauliza mshahara wako.

Namba nne usinunue. Nyumba za kaunti za Eastlands, Kaloleni ya miaka ya 40 ni mtaa mzuri kushinda mingi mipya, lakini mpangaji akikuuzia "ufunguo" hajakuuzia nyumba, sababu hana.

Mambo ya karatasi kwa haraka. Sachi, yaani kukagua rekodi ya ardhi kujua mwenyewe ni nani, ifanywe na wakili wako mwenyewe kwa Ardhisasa, ule mfumo wa mtandaoni wa wizara ya ardhi, na aulize kama ile namba ya zamani ya ploti, ya L.R., imeshahamishiwa rejista mpya ya bloku. Malipo ya kwanza kawaida ni 10%, yakae kwa wakili yasiingie mkononi mwa muuzaji. Ushuru wa stempu ni 4% huku mjini na ni wako. Ile kodi ya faida ya 15% ni ya muuzaji, akisema mgawane cheka tu. Madeni ya reti za kaunti na kodi ya ardhi yawe yamelipwa, nyumba za wazee huwa na malimbikizo ya miaka.

Na tafadhali nenda kuona nyumba Aprili, mvua ikinyesha. Ingia jikoni, fungua bomba uliache dakika mbili. Ile ya mwisho niliona ilitoa maji rangi ya chai ya maziwa, mabomba ya chuma yameoza ndani, na broka akaniambia ni kwa sababu tanki halijaoshwa.