Walimkataza bro kukata rufaa, na bado nawapa nyota nne

Hii ni ya ofisi moja ya msaada wa sheria wa bure hapa Kenya, wale huingia gerezani kila wiki mbili, jina siandiki. Bro wangu mdogo alipigwa miaka 6 na hakimu, kuvunja nyumba na kuiba, na kabla ya hapo alikuwa ashakaa rumande miezi 19 juu bondi ilitushinda. Tukiwafikia hawa watu zile siku 14 za kukata rufaa haikoti, yaani Mahakama Kuu, zilikuwa zimeisha kitambo, mi nikajua imeenda hiyo, kumbe unaweza omba ruhusa ya kukata rufaa nje ya muda bora uwe na sababu ya maana.

Sasa dada aliyetuhudumia alisoma hukumu yote, si kupitisha macho, halafu akamwambia bro bila kumbembeleza kwamba ushahidi ni mzito, na jaji wa rufaa anaweza kupunguza kifungo lakini pia anaweza kukiongeza. Bro alinuna wiki nzima. Lakini dada alikuwa ameona kitu sisi wote tulipita tu, hakimu hakusema popote kama ile miezi 19 imehesabiwa, na kifungu cha 333(2) cha sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai kinataka muda wa rumande uzingatiwe. Wakaandika ombi la hiyo tu, kurasa tatu, hakuna hadithi mingi. Jaji akaamuru kifungo kihesabiwe tangu siku ya kukamatwa. Miezi 19, hivyo tu!

Na hawauzi ndoto. Jamaa wa seli ya bro, kesi yake wizi wa mabavu, alikuja ameshikilia ile kesi ya Muruatetu ya 2017 ambapo Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema adhabu ya kifo ya lazima ni kinyume cha katiba, wakamweleza korti yenyewe ilifafanua 2021 kwamba ile ni ya mauaji pekee, yake haimo. Iliuma kusikia, lakini kuna watu huko nje wangemla pesa kwanza ndio wamwambie.

Nyota moja nimekata kwa hii: tulingoja nakala ya mwenendo wa kesi miezi minne, kila nikipiga simu naambiwa wiki ijayo, kumbe barua ya kuiomba haikuwahi kupelekwa kortini, imelala tu kwa faili yao. Mama ndiye alienda rejista mwenyewe, akapanga foleni tangu asubuhi na magoti yake yale. Hakuna aliyesema pole.

Ukienda kwao beba nakala ya chaji shiti na uangalie tarehe ya kukamatwa, yetu ilikuwa imekosewa siku tatu na ilibidi turudi.