Nyumba ya kupanga Magomeni Mapipa: paa lilitengenezeka, mwenye nyumba hakutengenezeka

Nyumba ninayoitathmini ipo Magomeni Mapipa, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kituo cha mwendokasi, na kwa sasa madalali wanaitangaza kwa shilingi 550,000 kwa mwezi, kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mimi na familia yangu tuliipanga kwa shilingi 300,000, kwanza kwa sababu ilikuwa mbovu, na pili kwa sababu mwenye nyumba ni rafiki yangu tangu tulipokuwa sekondari. Anayetaka kuelewa bei ya sasa imetoka wapi hana budi kuzielewa sababu zote mbili.

Ni nyumba ya Kiswahili ya miaka mingi: ukumbi unapita katikati, vyumba vimepangwa huku na huku, na nyuma kuna ua wenye jiko, bafu na choo. Chumba kimoja cha mbele kiliondolewa katika makubaliano yetu kwa kuwa kimegeuzwa kuwa fremu ya duka inayofunguka barazani. Tulipoingia, lipu ilikuwa ikibanduka kwa chumvi hadi usawa wa kiuno, mabati yalikuwa na kutu ya kutoboka, na chumba cha watoto kilikuwa na ndoo yake maalumu ya kukinga mvua. Hakuna lililofichwa katika hayo, na kwa upande huo siwezi kulalamika, kwa sababu ubovu wa nyumba niliuona kwa macho yangu kabla ya kutoa hata senti.

Kuhusu mahali penyewe, sina ila sifa. Kariakoo ni karibu, daladala hazikosekani, majirani ni watu wa kusalimiana na kupelekeana futari, na maji ya DAWASA yanapokatika kuna simtanki uani linalotosha kwa siku kadhaa. Tatizo la kudumu ni masika. Mvua zikikolea, bonde la Msimbazi pale Jangwani hufurika, Barabara ya Morogoro hufungwa, na mfanyakazi wa mjini ambaye kwa kawaida hufika ofisini kwa dakika chache hulazimika kuzunguka mbali au kubaki nyumbani. Vilevile choo ni cha shimo, na gari la maji taka linapata shida kuingia uchochoro wa nyuma. Baadhi ya watu wa mtaani husubiri mvua kubwa ili watapishe vyoo vyao, tabia ambayo mpangaji mgeni atainusa kabla hajaiona.

Sasa niseme juu ya huduma ya mwenye nyumba, maana hiyo ndiyo hasa inayostahili tathmini. Hatukupitia kwa dalali, hivyo hatukulipa kodi ya mwezi mmoja ambayo dalali wa Dar es Salaam huitaka kama malipo yake. Mkataba wa maandishi haukuwepo. Nilipouulizia, mwenye nyumba alicheka akasema, "Kaka, wewe na mimi tuandikiane? Kaa, rekebisha unavyoona inafaa, tutakatana kwenye kodi ya mwaka wa pili." Baadaye aliyarudia maneno hayo kwa ujumbe wa simu, na ujumbe huo, kama nitakavyoeleza, ndio ulioniokoa. Nililipa kodi ya mwaka mzima, na kwa kipindi cha vuli tukavumilia ndoo.

Kabla ya masika nikaleta fundi wa paa. Tulibadilisha kenchi mbili zilizoliwa na mchwa, tukaezeka upya upande mzima wa vyumba vya kulala, tukaweka gata, kisha tukachokoa lipu yenye chumvi na kuipiga upya. Vifaa na ufundi vilinigharimu shilingi 2,300,000, na kila risiti ya duka la vifaa nilimpigia picha na kumtumia. Kila mara alijibu kwa haraka na kwa furaha. Mtu angedhani ananilipa yeye.

Fundi alipopanda darini ndipo mambo yalipobadilika. Aliniita nipande ngazi nikashuhudie. Juu ya ukumbi, kutoka kwenye bodi ya umeme iliyo upande wetu, ulitoka waya mpya mweupe uliofungwa vizuri kwa klipu kando ya mbao za zamani zilizojaa vumbi na masizi. Ulipita juu ya chumba chetu cha mbele, ukatoboa ukuta na kuteremka dukani. Fundi alimwomba mama watoto azime swichi kuu. Friji la soda pale barazani, ambalo mngurumo wake tulikuwa tumeuzoea mchana na usiku, lilinyamaza palepale, na muuza duka akatoka nje kuuliza kama umeme umekatika mtaa mzima.

Kwa miezi yote hiyo tulikuwa tukinunua umeme wa duka. Nilikuwa nimeshangaa uniti zinakwenda wapi, nikawagombeza watoto kwa pasi na televisheni. Wenye mita za LUKU, yaani za umeme wa kulipia kabla, wanajua kwamba mteja asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, akiwa katika kundi la matumizi madogo, huuziwa umeme kwa bei ya chini sana kuliko kundi la kawaida, na friji moja la biashara linatosha kumvusha mtu mpaka huo. Muuza duka hakuwa na hatia yoyote. Alinionyesha bila kusita kwamba kila mwisho wa mwezi humtumia mwenye nyumba shilingi 40,000 "za umeme", juu ya kodi ya fremu. Kwa maneno mengine, rafiki yangu alikuwa akiuza umeme niliokwisha kuulipia mimi, na waya ule mpya unaonyesha kwamba uliwekwa kwa ajili hiyo muda mfupi kabla hatujahamia.

Katika mita hiyohiyo hukatwa kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo inakusanywa kupitia ununuzi wa LUKU, na tangu mwaka wa fedha 2023/24 nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa hulipa shilingi 1,500 kwa mwezi. Ni wajibu wa mmiliki, lakini anayenunua umeme ndiye anayekatwa, na wapangaji wengi hunyamaza kwa kuwa kiasi ni kidogo. Nami nilikuwa nimenyamaza, kwa kuwa rafiki hadaiwi elfu moja na mia tano.

Nilipompigia simu kuhusu waya, hakukana. Alisema, "Sasa ndugu yangu, hiyo fremu si ilikuwepo kabla yako?" Wiki iliyofuata dalali alibisha hodi akiwa na mume na mke waliovaa vizuri, akawapitisha ukumbini wakati sisi tunakula, akawaonyesha dari na mabati, na kuwaambia kwamba mwenye nyumba ameikarabati kwa gharama zake na kwamba waliomo wanahama mwaka wao ukiisha. Hivyo ndivyo nilivyopata taarifa kwamba hakutakuwa na mwaka wa pili wa kukatana.

Kisheria, kupandisha kodi ni haki yake. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei ni mapatano. Deni, hata hivyo, ni jambo jingine. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua upangaji wa mwaka mmoja au pungufu hata ukiwa wa mdomo, kwa hiyo mpangaji asitishwe kwa kuambiwa kwamba bila karatasi hana haki. Tulianzia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nikiwa na risiti, ule ujumbe wa simu na fundi kama shahidi. Nafahamu kwamba baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu na haliamui mgogoro wa ardhi, na kwamba maamuzi ni ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini sikutaka kufika huko, na kumbe hata yeye hakutaka. Mbele ya mwenyekiti aliukubali ujumbe wake mwenyewe, akaahidi kurejesha gharama za ukarabati kwa awamu nne. Umeme alikataa kabisa kuuzungumzia, kwa hoja kwamba hakuna anayejua friji limekula uniti ngapi. Mpaka naandika haya amelipa awamu mbili, zote kwa simu, bila salamu.

Kwa hiyo, kwa atakayeonyeshwa nyumba hii: paa ni zima, nalisema hilo kwa uhakika wa aliyelilipia, gata zinafanya kazi, lipu ya vyumba vya kulala ni nzuri, ila ya ukumbini bado ina chumvi chini ya rangi mpya, na itaanza kubanduka mvua zijazo. Mpe dalali sharti la kuzima swichi kuu huku wewe umesimama dukani, na usilipe kabla fremu haijapata mita yake. Omba pia mita ikaguliwe kama ina deni, kwa sababu deni la zamani hukatwa kwa kila anayenunua umeme bila kujali aliyelitengeneza. Bei ya shilingi 550,000 ni kubwa kwa nyumba yenye choo cha shimo katika uchochoro usiopitika vizuri. Mimi ningetoa 400,000, kwa mkataba ulioandikwa na kushuhudiwa ofisi ya serikali ya mtaa, na kodi ya miezi mitatu badala ya sita.