Gari la michezo lililotumika: lipi la kununua Uganda, na la kukagua kabla ya kulipa

Mtu anayetafuta gari la michezo lililotumika mjini Kampala mara nyingi huanza kwa kuuliza lina nguvu kiasi gani. Mimi ningependa aanze na swali jingine: ni kiasi gani cha ukweli wa gari hili ninaweza kukijua kabla fedha hazijatoka mkononi mwangu? Gari dogo la familia lililotunzwa vibaya litakusumbua kwa breki na bushi, lakini gari la michezo lililotunzwa vibaya litakudai injini nzima, na injini hiyo haipatikani kila siku. Kwa sababu hiyo, magari ninayoyapanga hapa sikuyapanga kwa kasi. Nimeyapanga kwa urahisi wa kuyakagua, na kwa uwezekano wa kupata fundi na spea hapa hapa nchini.

Kwanza ni vizuri kuelewa kwamba masoko ni mawili. Kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2018, gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe haliruhusiwi tena kuingizwa Uganda, na magari yaliyokaribia umri huo hutozwa ushuru wa mazingira juu ya ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Maana yake ni kwamba mifano ya zamani inayopendwa sana, kama Toyota Altezza na Subaru Impreza za mwanzoni mwa miaka ya 2000, hupatikana tu kwa watu ambao tayari wanayo. Ukinunua huko, historia unayoihitaji ni ya barabara za Uganda na gereji za Uganda, na karatasi za Japani hazitakusaidia sana. Mifano mipya zaidi unaweza kuiagiza mwenyewe au kuichagua kwenye bondi, yaani yadi ya magari yaliyoagizwa ambayo bado hayajalipiwa ushuru.

Gari linalotoka Japani kupitia mnada huwa na karatasi ya mnada, na karatasi hiyo ina thamani kuliko maneno ya dalali yeyote. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri. R au RA maana yake gari liliwahi kupata ajali na kurekebishwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, na XX ni kipande kilichokwisha kubadilishwa. Kwa kuwa karatasi hizi hughushiwa, itafutwe upya kwa namba ya chasisi, tena kupitia mtu ambaye hana faida yoyote katika mauzo hayo. Gari linalotoka Uingereza lina shida yake: chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi hula chuma cha chini. Lipandishwe juu na uangalie mikono ya saspensheni, mabomba ya breki na viungio vya bodi, hata kama rangi ya juu inang'aa.

Namba ya chasisi ina kazi nyingine ambayo wanunuzi wengi huisahau. Impreza ya soko la Japani ya kizazi cha kuanzia 2007, yenye gia za mkono na nembo za STI (toleo lake kali zaidi), inapaswa kuwa na chasisi inayoanza na GRB kama ni ya milango mitano, au GVB kama ni ya milango minne yenye buti. Ikianza na GH8, hiyo ni ya turbo lakini si STI. Ikianza na GH2, ni gari la kawaida la lita 1.5 lililovalishwa bampa na nembo. Namba isomwe kwenye chuma chenyewe, si kwenye logbuku tu, na kipande chenye namba kisiwe na dalili za kuchomelewa.

Sasa ukaguzi wenyewe. Mwombe muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika, kisha ukifika weka kiganja juu ya boneti. Injini ikiwa ya moto, rudi siku nyingine, kwa sababu maovu mengi ya injini huonekana katika dakika ya kwanza ikiwa baridi: moshi wa buluu unaoashiria oili inaungua, moshi mweupe usiokoma wenye harufu tamu ya kulenti, mlio wa kugonga unaopotea chuma kikishapata joto. Fungua kifuniko cha oili na cha radieta kabla ya kuwasha. Matope ya rangi ya maziwa ndani yake yanatosha kukurudisha nyumbani.

Baada ya hapo mlete fundi wako mwenye mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Aangalie makosa yaliyohifadhiwa, lakini aangalie pia kama vipimo vya ndani vya mfumo vimekamilika. Mtu akifuta makosa asubuhi ili taa ya injini izimike, vipimo hivyo huonekana kuwa havijakamilika mpaka gari litembee kwa muda, na hapo una sababu ya kushuku kwamba kuna jambo linafichwa. Kisha apime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya kila silinda. Namba zisipishane kwa zaidi ya asilimia 10 hivi. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake, hakuna bei nzuri ya gari hilo isipokuwa ile inayojumuisha kufungua injini.

Barabarani, tia gia ya nne ukiwa na mwendo mdogo kisha ukanyage mafuta hadi mwisho. Mshale wa mizunguko ukipanda na mwendo usipande, klachi imekwisha. Gia ya pili ikikwaruza gari likishapata moto, sinkro, yaani pete zinazolainisha kuingia kwa gia, zimechoka. Ingia mahali pa wazi, kata usukani hadi mwisho na uzunguke polepole pande zote mbili ukisikiliza difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) na shafti. Usisahau matairi: tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT hueleza wiki na mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwenye gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne, tairi moja mpya pamoja na tatu zilizolika huumiza difu ya katikati, na ni dalili ya mwenye gari aliyekuwa akibana matumizi pale pasipotakiwa.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: tafuta gari ambalo halijaguswa. Uganda ina mapenzi makubwa na mbio za magari, na Pearl of Africa Rally ni sehemu ya mashindano ya Afrika, hivyo magari yaliyowahi kukimbia, au yaliyofungwa vifaa vya mbio na vijana wenye shauku, yapo mengi. Inua zulia uone kama sakafu ina matundu au alama za kuchomelea mahali paliposhikiliwa vyuma vya kinga vya ndani. Tazama kama egzosi imetolewa katalisti (kisafisha moshi), kama kuna kifaa cha kuongeza msukumo wa turbo, kama kompyuta imeandikwa upya na nani aliiandika. Sampu, bakuli la oili chini ya injini, iliyobonyea kwa matuta na barabara za murramu si kosa kubwa peke yake, lakini sampu iliyobonyea pamoja na matundu ya sakafuni ni gari la kuachwa.

Kwa vigezo hivyo, gari ninaloliweka la kwanza ni Toyota 86, pamoja na pacha wake Subaru BRZ, yaliyoanza kutengenezwa mwaka 2012. Injini ya FA20 ya lita mbili haina turbo, hutoa nguvu za farasi 200, na kukosekana kwa turbo kunapunguza vitu vya kuharibika na vitu vya kuchezewa. Uliza kama gari la 2012 au 2013 liliitwa na kiwanda lirudishwe kubadilishiwa springi za valvu, na kama kazi hiyo ilifanywa, uliza ilifanywa wapi, kwa kuwa gundi ya kuzibia iliyopakwa ovyo wakati wa kufunga iliwahi kuziba njia ya oili na kuua injini zilizokuwa nzima. Uwiano wake wa kompresheni ni 12.5 kwa 1, kwa hiyo linahitaji petroli ya oktani ya juu, ambayo ni rahisi kuipata Kampala kuliko katika miji midogo. Kwa mwinuko wa Kampala wa takribani mita 1,200, injini isiyo na turbo hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Ni hasara ninayoikubali kwa moyo mweupe.

La pili ni Mazda Roadster, kizazi cha 2005 hadi 2015 au kile kilichofuata. Ni jepesi, kama tani moja na ushei, na fundi yeyote makini anaweza kulielewa. Udhaifu wake ni paa. Maji ya mvua hushuka kupitia mifereji miwili midogo nyuma ya viti, mifereji hiyo huziba kwa majani na vumbi, na maji hugeukia ndani. Bonyeza zulia nyuma ya viti kwa ngumi. Likiwa na unyevu, chunguza kutu chini yake. Mwaga chupa ya maji juu ya paa ikiwa mwenyewe ataruhusu, uone yanatokea wapi.

Nafasi ya tatu ni ya Subaru Impreza WRX na STI, matoleo ya turbo ya gari hilo, na najua wengi wangeiweka ya kwanza. Hoja yao ni ya kweli: hakuna gari la michezo lenye mafundi wengi na spea nyingi nchini kama hilo, na soko la spea la Kisekka mjini Kampala linalijua vizuri. Sababu ya kulishusha daraja ni kwamba ndilo lililochezewa kuliko mengine yote, na maovu yake hayaonekani kwa macho. Kama unaweza kuchagua, chukua lenye injini ya EJ20 ya Japani badala ya EJ25 ya lita 2.5, ambayo pistoni zake zina sifa ya kupasuka kwenye sehemu inayoshika ringi, hasa silinda ya nne, kompyuta ikiandikwa vibaya au petroli ikiwa duni. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika valvu hugongana na pistoni, kwa hiyo risiti ya kazi hiyo ni muhimu kuliko rimu mpya. Ukipata gari lenye turbo lililokufa, usikubali kubadilishiwa turbo tu: chujio dogo lililomo kwenye boliti ya bomba la oili likiziba, turbo ya pili nayo itakufa. Giaboksi ya gia sita ya STI ni imara. Ya gia tano ya WRX haivumilii kuchezewa. WRX lisiloguswa, lenye kompresheni sawa silinda zote nne, ningelinunua bila kusita.

Nissan Fairlady Z ya kizazi cha Z34 ni ya nne. Injini yake ya lita 3.7 ni tamu sana, ila ipimwe presha ya oili ikiwa na moto, kwa kuwa gasketi ya njia ya oili nyuma ya kifuniko cha cheni huvuja na presha kushuka. Silinda ya klachi iko ndani ya giaboksi, na ikivuja lazima giaboksi ishushwe. Kwa matuta ya mitaa yetu, tumbo lake liko chini mno.

La tano ni Mitsubishi Lancer Evolution X, gari hodari lenye vifaa ghali: giaboksi ya SST yenye klachi mbili hushindwa ikipata joto kupita kiasi, na pampu ya mfumo wa difu huoza pale ilipofungwa karibu na gurudumu la nyuma. Chukua lenye gia za mkono au uache.

Mazda RX-8 naliweka la mwisho, ingawa naliona zuri mno. Injini yake ya rotari hula oili kwa makusudi, na afya yake hupimwa kwa kipimo maalumu ambacho gereji nyingi hazina. Kipimo cha kawaida cha kompresheni hakitoshi. Kama hata hivyo moyo umekwama hapo, liendeshe mpaka lipate moto kabisa, lizime, kisha uliwashe tena baada ya dakika chache. Likisita kuwaka, sili za rota zimechoka.

Ukishachagua, zimebaki karatasi. Fanya upekuzi wa gari kwa msajili, na upekuzi mwingine katika rejista ya dhamana za mali zinazohamishika iliyo URSB, ofisi ya serikali ya usajili, kwa sababu gari laweza kuwa limewekwa rehani kwa mkopo huku logbuku ikiwa mezani pako. Hakikisha hakuna faini za EPS, zile za papo hapo za makosa ya barabarani, zisizolipwa, na polisi wathibitishe kwamba gari halitafutwi kama la wizi. Jina kwenye logbuku lilingane na kitambulisho cha mtu aliye mbele yako. Akisema anauza kwa niaba ya kaka yake, kaka huyo aje. Arabuni iwe ndogo, iandikiwe risiti yenye namba ya chasisi, na fedha iliyobaki ipitie benki siku fomu za kuhamisha umiliki zinapotiwa saini.