"Saa haina shida, mzee. Mkono ndio mdogo"

Nianze na hilo "mzee", maana ndilo lililonichoma kwanza. Nina miaka 41. Kijana aliyeniita hivyo alikuwa na ndevu nyingi kunishinda. Lakini hilo nimeshalimeza. Yaliyofuata baada ya "mzee" ndiyo yaliyonikwama kooni mpaka leo, na ndiyo yanayonifanya niandike haya badala ya kulala.

Nilikuwa nimerudi dukani, wiki mbili au tatu baada ya kununua, na saa yangu mpya ya kuzamia: dude la chuma, kipenyo milimita 45, unene 17 na ushei. Kampuni siitaji, wala duka silitaji, hasira zangu zisije zikageuka kesi. Nikamweleza kwa upole kabisa kwamba saa inaegemea upande wa nje, kila baada ya hatua chache naisukuma irudi juu, na kile kitufe cha kutegea majira kinanichimba mgongo wa kiganja kila nikikunja mkono. Akanishika mkono kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota soksi ya mwenzake, akaugeuza huku na huku chini ya taa, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kaunta ya pili: "Saa haina shida, mzee. Mkono ndio mdogo."

Mwenzake akacheka. Si sana. Kicheko kile cha puani.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Wangu haukuwa mtupu, ulikuwa umebeba gramu 210 za chuma chao (nimeipima mwenyewe kwenye mizani), na bado ulitemewa mate. Kisha akatoa pingili moja zaidi, kile kipande cha chuma kinachounda mkanda, akaubana, akanirudishia. Dakika tano hazikufika. Hata kiti sikukaribishwa. Na hii ni saa ambayo kwa pesa yake mwenye akili angenunua kitu chenye magurudumu.

Nilichofanya baada ya hapo kinanitia aibu. Nilianza kuangalia mikono ya watu. Kwenye foleni, kwenye mikutano, msibani hata, macho yangu yalikuwa kwenye vifundo vya mikono. Nilijipima kwa uzi: sentimita 16 na nusu. Nikajipima tena asubuhi, nikitumaini usiku umenisaidia kidogo. Sentimita 16 na nusu. Mtu mzima, mwenye familia, anapima mkono kwa uzi chooni mlango umefungwa.

Tatizo langu la mwanzo lilikuwa ujinga wa kawaida: niliangalia kipenyo peke yake. Kila mtu anayebishana kuhusu saa kubwa anabishana kuhusu kipenyo, 42 au 44 au 45, kana kwamba mkono ni sahani. Ukubwa unaoamua ni ule wa kutoka ncha ya masikio ya juu, yale yanayoshika mkanda, hadi ncha ya masikio ya chini. Yangu ni milimita 52. Na cha kulinganisha nao si mzunguko wa mkono bali upana wa ule uwanja tambarare juu ya kifundo. Wangu ni milimita 54. Kwa hiyo saa ilikuwa inaenea, kwa taabu, kama godoro kubwa kwenye chumba kidogo: limeingia, ila mlango haufunguki wote.

Halafu kuna unene, ambao hauonekani kabisa ukiwa dukani. Dukani umesimama, umekunja mikono ya shati, umevalishwa saa na mtu anayejua kazi yake. Alinifungia juu kidogo ya kifundo, kwenye nyama, akaibana ikatulia. Nilijiangalia kwenye kioo dakika tatu. Nikajiona nahodha. Nikalipa. Hakuna aliyeniambia niteremshe mkono wa shati na kujaribu kuufunga kifungo, ambao haufungi, haujawahi kufunga, na hautafunga. Hakuna aliyeniambia niegemee meza. Hakuna aliyeniambia niandike mistari miwili na ile bizimu, kifungio cha mkanda chini ya mkono, inasaga mbao. Milimita 17 za unene ni jambo unaloligundua nyumbani, kwa kugonga. Nimegonga fremu ya mlango, nimegonga bomba, nimegonga kiti cha gari, nimemgonga mwanangu kichwani, maskini, akiwa amekuja kunikumbatia.

Na unene huo ni wa nini? Hapa ndipo hasira yangu inapokuwa na elimu kidogo. Maji yanakandamiza: kila mita 10 unazoshuka, shinikizo linaongezeka kama angahewa moja nzima. Ili saa ishuke sana bila kupasuka, kioo kinakuwa kinene, mfuniko wa nyuma unakuwa mnene, na kila kitu katikati kinainuka. Kanuni ya kimataifa ya saa za wazamiaji, ISO 6425, inadai angalau mita 100. Mzamiaji wa burudani kama mimi mwisho wake ni mita 40. Nimelipia, na ninabeba kutwa nzima, uwezo wa kufika mahali ambapo maiti yangu tu ndiyo ingefika.

Yangu ina hata kile kivali, yaani kitundu chenye kizibo, cha kutolea gesi ya heli. Hicho kimetengenezwa kwa ajili ya watu wanaofanya kazi chini sana na kuishi siku nyingi ndani ya vyumba vya shinikizo, wakivuta hewa iliyochanganywa na heli. Chembe za heli ni ndogo, zinapenya mpaka ndani ya saa, na shinikizo la nje likipunguzwa zinataka kutoka kwa nguvu, kioo kinaweza kuruka. Kwa hiyo kuna kivali. Mimi kivali changu kimeshika nyuzi za sweta mara mbili. Hiyo ndiyo kazi yake mpaka sasa.

Si kwamba dunia imekuwa hivi siku zote. Submariner, saa ya kuzamia ya kampuni ya Rolex iliyozaliwa 1953, ilikaa na milimita 40 kwa miongo mingi, na watu walizama nayo, wakapanda, wakaenda nayo harusini. Leo kampuni hiyo hiyo ina Deepsea, ya tangu 2008, milimita 44 na unene unaokaribia 18, ya kufika mita 3,900. Na ile saa yao ya majaribio iliyoshuka kwenye bonde la Mariana, penye kina kirefu kuliko pote baharini, mwaka 1960, karibu mita 10,900, ilikuwa na kioo kilichovimba kama jicho la chura. Lakini angalieni: haikuwa mkononi mwa mtu. Piccard na Walsh, wale wawili walioshuka, walikaa ndani ya chombo, saa ikafungwa nje. Waliokuwa na saa nene kuliko zote walijua pa kuiweka.

Mpaka hapa mngedhani naiuza. Niliandika hata tangazo. Sikulibandika, kwa sababu wikendi hiyo nilikwenda kuzama.

Ilikuwa jioni inayoingia giza, maji mazito, suti ya mpira ya milimita tano. Nikaufungua ule mkanda wa ziada uliofichwa ndani ya bizimu, nikaivaa saa juu ya suti. Jamani. Ilikaa kama imezaliwa pale. Mkono wangu ukiwa ndani ya suti si wa sentimita 16 na nusu tena, na lile dude likawa na ukubwa wa kawaida kabisa, ukubwa wa haki. Tukishuka, suti inabanwa na maji inakuwa nyembamba, mikanda ya wenzangu ikaanza kulegea na kucheza. Wangu una springi, ukajivuta wenyewe. Chini kabisa, taa ya mwenzangu ilipogeukia kwingine, akrabu za saa ziliwaka kijani nikasoma dakika bila kuinua hata kichwa. Ile pete ya kuzungusha, ambayo nyumbani ni ya kuchezea tu mikononi mwa watoto, niliitega kwa glavu nene ikalia ki-ki-ki nikaihisi mpaka kwenye mfupa. Inazunguka upande mmoja tu, makusudi, ili ikigongwa ikuonyeshe umekaa muda mrefu zaidi kuliko ulivyokaa, kamwe si mfupi. Wakati wa kupanda tulisimama mita 5 kwa dakika tatu, kama inavyotakiwa, na dakika zote tatu niliitazama saa. Kompyuta ya kuzamia ilikuwa mkono wa pili ikihesabu kila kitu kwa usahihi kunishinda mimi na saa yangu. Sikuiangalia.

Nilitoka majini nimesamehe kila kitu. Ningeandika siku hiyo, ningewaambia nunueni, kopeni, nunueni.

Kisha nikavua suti, nikaivaa tena kwenye ngozi, na kabla sijafika kwenye mitungi ikawa imeshalala upande. Mama anayetufundisha, mtu mzima aliyezama kabla hatujazaliwa, ambaye mkononi ana kidude cha plastiki kilichokwaruzika mpaka namba zinasomeka kwa kukisia, aliniona nikiisukuma. Akasema, "Hebu lete." Akaipindua, akaangalia mkanda, akahesabu kwa kucha. "Mwanangu, nani kakukatia pingili namna hii?"

Sikuelewa. Akanionyesha. Pingili nne zilitolewa, zote nne upande wa namba 12. Upande wa namba 6 haukuguswa. Kwa hiyo bizimu, ambayo inatakiwa kukaa katikati chini ya mkono ili ilingane na uzito wa juu, ilikuwa imepandishwa ubavuni, na kutoka huko inaivuta saa kuelekea nje kutwa nzima. Pingili zinapunguzwa pande zote mbili, alisema, mbili huku, moja kule, unavalisha, unaangalia, unarekebisha. "Mkono hauna kosa. Mkanda umekatwa na mtu mwenye haraka."

Miezi. Miezi niliyopima mkono kwa uzi! Na kijana yule siku ile alikuwa ameishika saa mikononi mwake, anaiona, akatoa ya nne upande ule ule.

Nilirudi kudai pingili zangu, kwa sababu sikuwa nimepewa, na mimi mjinga sikujua kwamba ni zangu. (Zidaini siku ile ile mnayonunua, zote, pamoja na skrubu zake. Mkono huvimba kwenye joto na hunywea kwenye baridi, na mtanenepa.) Kijana hakunikumbuka. Hilo nalo lilinichoma: mimi nimelala naye kichwani miezi yote, yeye hanijui. Akafungua droo iliyojaa pingili za watu, akachambua, akanipa tatu. Nikasema zilikuwa nne. Akasema, "Zipo tu, mzee, nitakupigia." Hajapiga.

Ile mama ndiye aliyeifunga upya, kwa bisibisi ndogo, juu ya mfuniko wa sanduku la vifaa. Sasa saa inakaa katikati. Haiegemei. Kitufe hakinichimbi, au kinanichimba kidogo tu nikifanya push-up, na push-up sifanyi.

Na hapa ndipo ninapochukia kukiri. Iko katikati, imetulia, imekatwa vizuri, na bado ni nene. Kifungo cha shati bado hakifungi. Usiku bado naivua. Katikati ya mkono wangu bado kuna jengo. Kwa maana hiyo yule kijana, kwa sababu zote zisizo sahihi na kwa adabu mbovu kabisa, alikuwa na nusu ya ukweli, na nusu hiyo inaniudhi kuliko ile nyingine ya uongo.

Kwa hiyo mkiniuliza kama inamfaa mtu, sina jibu moja. Ukizama kweli, juu ya suti, sijaona kitu kizuri kama hiki. Ukitaka ya kuvaa ofisini, tafuta isiyozidi milimita 13 kwa unene uache kujidanganya kama mimi. Ukilazimika kuwa na kubwa, uliza ya titani, maana titani ina uzito unaozidi kidogo tu nusu ya chuma kwa ujazo ule ule, na uzito ndio unaoifanya saa itembee mkononi. Jaribu ukiwa na shati la mikono mirefu. Kaa nayo dukani nusu saa, andika jina lako, tia mkono mfukoni, na ujitazame kwenye kioo cha mbali, si kwa kuinamisha kichwa wala kwa kamera ya simu iliyosogezwa karibu, ambayo hulifanya kila dude lionekane kama sinia. Wakikuharakisha, ondoka. Mimi ningeondoka. Hapana, nisingeondoka; nilishajiona nahodha.

Lile tangazo la kuuza nimelifuta. Kisha juzi nikaliandika upya. Liko hapo, halijabandikwa. Jana usiku nimegonga tena fremu ya mlango wa jikoni, nikatukana, nikaenda kwenye mwanga kuangalia. Fremu imebonyea. Saa haina hata mkwaruzo.