Madondo ya Barabara ya Kirinyaga: nyota nne, ya tano imeliwa na televisheni

Kibanda chenyewe hakina jina wala bango. Ukishuka kutoka River Road, jijini Nairobi, kuelekea kwenye maduka ya spea, fuata harufu ya vitunguu. Mimi ni karani katika duka mojawapo hapo, na 2024 yote chakula changu cha mchana kilikuwa hapa. Mshahara ni ule ule elfu arobaini. Tozo ya nyumba inakata 600, bima mpya ya afya (SHA) iliyoanza Oktoba inakata 1,100 pale ile ya zamani, NHIF, ilipokuwa ikikata 1,000, na NSSF ya pensheni nayo ilipanda Februari. Baada ya hapo, mambo ya hoteli ya viti vya sponji nimewaachia wenyewe.

Madondo, yaani maharagwe, yameiva vizuri, rojo nzito, dania ya kutosha. Chapati ni za tabaka, laini, na hazikuachi ukipangusa mafuta kwenye suruali. Sahani moja na chapati mbili ilikuwa shilingi 90, bei ambayo Mathe, mwenye kibanda, hakuigusa mwaka huo mzima. Upana wa chapati, hapo nina shaka. Nilipomchokoza alicheka: "Unga umeshuka bei, kijana wangu. Waliokonda ni wateja." Na si uongo. Unga na petroli vilishuka, dola ikatoka karibu shilingi 160 mwanzoni mwa mwaka hadi chini ya 130, lakini mafundi waliokuwa wakiagiza nyama sasa tunagombania nao madondo.

Juni ndiyo niliyokijua kibanda hiki sawasawa. Mswada wa Fedha ulitaka VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Fikiria hiyo ya gari inavyopokelewa mtaa unaoishi kwa spea! Mambo hayo yalipoondolewa tarehe 18, sisi wazee wa meza ya mbele tukaona yamekwisha. Vijana wa meza ya nyuma wakakataa katakata: mswada wote uende, na Zakayo, yaani Rais Ruto, ashuke. Tarehe 25 wabunge 195 waliupitisha, 106 wakaupinga, waandamanaji wakaingia Bunge, na watu wakauawa kwa risasi. Siku hiyo Mathe aliteremsha mlango nusu. Kila aliyeingia macho yakimwasha kwa gesi alimiminiwa maji kwa jagi la kunawia mikono, awe mteja au mpita njia. Kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia saini.

Vijana wale bado wanakuja, ila tangu watu wa ODM, chama kilichokuwa cha upinzani, waingie kwenye baraza jipya la mawaziri wanakula kimyakimya. Mmoja wao, mwezi wa Oktoba, alikuwa akiwasajili akina mama wa sokoni kwenye SHA kupitia *147# huku chai yake ikipoa. Hakuwatoza hata ndururu.

Sasa hiyo nyota. Televisheni imewekwa juu ya friji, sauti mpaka mwisho. Tarehe 17 Oktoba, Seneti ikisikiliza kesi ya Naibu Rais Gachagua, benchi zote zilijaa watu wa chai moja ya kukalia saa tatu. Nilikula nimesimama. Mathe alikuwa akipakua macho yakiwa kwenye skrini. Niliagiza madondo, nikaletewa matumbo. Uamuzi wenyewe wa kumng'oa naibu rais ulitoka usiku, sufuria zimeshaoshwa zamani.

Fika kabla ya saa saba. M-Pesa inapokelewa, ila usimpe noti ya elfu asubuhi, atakurudisha ukatafute chenji. Madondo yakiisha hapiki mengine, utabaki na sukuma.